Maleba ya Ngoma ya Beni: Jinsi Vazi Lilivyosimulia Mtu na Habari Zake

Katika lugha ya Kiswahili liko neno moja lisilosikika sana ila katika vinywa vya watu wa ngoma na michezo, nalo ni maleba. Nguo ni kitambaa chochote kisitiricho mwili. Vazi ni nguo pamoja na namna yake ya kuvaliwa. Bali maleba ni mavazi ayavaayo mtu mbele ya watazamaji, ili wamwone kuwa ni fulani, na wajue habari ya huyo fulani kabla hajafumbua kinywa. Mchezaji akiingia uwanjani na maleba yake, amekwisha kusema neno. Na watazamaji wakiwa ni watu waijuao lugha ya mavazi, wamekwisha kulisikia.

Twataka kuichunguza lugha hiyo katika ngoma moja iliyochezwa sana katika Afrika ya Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19, nayo ni Beni. Wageni wengi walioiona walisema ya kuwa ni kuiga kutupu kwa askari wa Kizungu. Wengine walidhani ni dhihaka. Wengine tena waliiogopa, wakadhani ni maasi yaliyofichwa ndani ya ngoma. Hukumu hizo si moja, lakini kasoro yake ni moja: kila mmoja alitazama nguo ile imefanana na ya nani, wala hakuuliza aliyeivaa alitaka kusema nini. Sisi twaona ya kuwa maleba ya Beni yalikuwa masimulizi, na waliosimuliwa ni watu ambao wengi wao, au wazazi wao, walikuwa wamekatazwa kuvaa. Asiyejua habari ya makatazo hayo hawezi kuyasoma maleba yenyewe. Basi na tuanze huko.

Katika miji ya pwani vazi halikuwa jambo dogo tangu zamani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, na katika kueleza habari za mtawala wa mji ule hakuyasahau mavazi yake: joho la kijani, kilemba kikubwa, na juu ya kichwa chake vifuniko vinne vya hariri ya rangi, na juu ya kila kimoja ndege wa dhahabu. Mgeni mwenyewe aliletewa nguo za heshima, azivae kwa kwenda msikitini siku ya Ijumaa. Mtawala alimpokea mgeni kwa nguo kwanza, na kwa maneno baadaye.

Lugha yetu nayo imetunza kumbukumbu ya mambo hayo. Katika haki za arusi za pwani tumesikia kilemba, na mkaja, na ubeleko. Leo hizo ni fedha. Lakini asili ya majina hayo ni nguo: kilemba ni kitambaa cha kichwani, mkaja ni nguo ya kufunga tumbo la mzazi, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kadhalika mwanagenzi akihitimu, humpa fundi wake kilemba. Watu walioita shukrani ya mwanafunzi na uchungu wa mama kwa majina ya nguo hawakuwa watu wa kuvaa ovyo. Kwao kila kitambaa kilikuwa na maana yake, na kila maana ilikuwa na mwenyewe.

Na kama vazi lilivyotangaza uungwana, ndivyo lilivyotangaza utumwa. Katika karne ya 19 desturi ya miji hiyo ilimkataza mtumwa kufunika kichwa mbele ya waungwana, na kuvaa viatu mbele yao. Nguo yake ilikuwa merikani, yaani kitambaa kigumu cha pamba kisichofanywa cheupe, ambacho wafanya biashara wa Marekani walikileta Unguja kwa wingi tangu miaka ya 1830, na jina lake lataja hata leo kilikotoka. Ama ilikuwa kaniki, kitambaa cha bei ndogo kilichotiwa nili hata kikawa cheusi. Mwungwana alivaa kanzu ndefu, na kizibao, na kofia au kilemba. Mwenye mali akaongeza joho, na jambia kiunoni. Mwanamke wa kiungwana alijifunika ukaya. Mjakazi alikwenda kichwa wazi. Mtu akitokea mbali njiani, hapakuwa na haja ya kuuliza: huyu ni nani, na wa nani.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini uhuru hutangazwa kwa siku moja. Heshima haina siku ya kutangazwa. Mtu aliyeachwa huru asubuhi alirudi nyumbani jioni na kaniki ile ile, na jirani zake walimwona vile vile. Ndiyo maana watu wengi waliokuwa watumwa waliikimbilia nguo mapema kuliko mambo mengine. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiacha kaniki wakanunua kanga, ambazo zilianza kuenea katika miaka ya 1870 na 1880, na baadaye wakavaa buibui. Aliyewacheka kwa kupoteza fedha katika nguo hakufahamu wananunua nini. Walikuwa wananunua jina jipya, kwa lugha ambayo mji mzima uliijua kuisoma.

Pamoja na hayo ilikuwako desturi ya pili, nayo ni mashindano. Mji wa Lamu, kwa mfano, umegawanyika tangu zamani katika pande mbili, Mkomani na Langoni, nazo zimeshindana kwa mashairi na kwa ngoma. Katika miji mingine vilikuwako vyama vya ngoma vilivyoshindana kwa nyimbo, kwa karamu, na kwa mavazi. Kushinda kulikuwa ni kumfanya mwenzako aone haya: amekosa jibu la shairi, au chakula cha karamu yake kimepungua, au watu wake wametoka uwanjani bila kupendeza.

Katika mashindano hayo kikaingia kitu kipya. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alikuwa na bendi yake ya tarumbeta. Manowari za Wazungu zilikuja na bendi zake, na misheni pia zikawa na za kwao. Vijana wa pwani walisikia, wakaona safu zinavyokwenda kwa hatua moja, wakavutwa. Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, walitwaa ngoma kuu na tarumbeta wakazitia katika yale mashindano ya zamani, na hivyo ikazaliwa Beni. Jina lake ni lile neno la Kiingereza la bendi, lililotiwa irabu likawa la Kiswahili. Kwa hiyo twaona ya kuwa kilichokuwa kigeni ni vyombo na nguo. Ama shindano lenyewe lilikuwa la wenyeji, na lilikuwa la zamani.

Ngoma hiyo ikashuka pwani mpaka nchi iliyotawaliwa na Wadachi, na huko ikawa na vyama viwili vilivyojulikana kuliko vyote, Marini na Arinoti. Jina la Marini lilitoka kwa askari wa manowari. Wamarini walijihesabu kuwa wastaarabu, na wengi wao walikuwa watu wenye kazi za heshima: makarani, walimu, askari wenye vyeo. Arinoti walihesabiwa kuwa watu wa chini, wageni waliotoka bara na vibarua. Vita vya 1914 hata 1918 viliwachukua askari na wapagazi toka pwani mpaka maziwa makuu na kusini yake, na walikokwenda watu, Beni ilikwenda pamoja nao.

Na tutazame sasa maleba yenyewe. Wachezaji walio wengi walivaa sawasawa: suruali au kaptura za rangi moja, na mashati ya namna moja. Kiswahili chaita nguo za namna hiyo sare, na neno hilo hilo ndilo tulitumialo watu wawili wakiwa sawa, hapana aliyemzidi mwenziwe. Juu ya usawa huo ziliwekwa alama chache za kutofautisha: tepe mkononi, nyota begani, mkanda wa rangi, kofia ya namna yake, upanga. Kwa alama hizo alijulikana Kingi, akajulikana jenerali, na kapteni, na kila mwenye cheo chini yao. Safu ikikosa usawa, nyota ya jenerali haionekani; na jenerali asipokuwako, safu ni kundi tu. Waliotengeneza maleba ya Beni waliifahamu kanuni hiyo bila kufundishwa na chuo cho chote cha michezo: tofauti haisomeki mpaka iandikwe juu ya usawa.

Kanuni ya pili ni kwamba vazi lilimtaka mvaaji awe kama lisemavyo. Siku za kazi mtu alikuwa mpishi wa Mzungu, au mchukuzi wa bandarini, akiitwa “boi” na watu wadogo kwake kwa umri. Siku ya ngoma alivaa koti lenye vifungo, akapigiwa saluti. Lakini cheo kile hakikwisha ngoma ilipokwisha. Chama cha Beni kilikuwa pia chama cha kusaidiana: mwanachama akiugua alitazamwa, akifa ugenini alizikwa, mgeni akifika mjini alipokewa. Wenye vyeo ndio waliokusanya michango na kuamua mambo. Basi aliyevaa nyota alikuwa amejitwisha deni mbele ya watu. Wahenga wametuonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Na methali hiyo yafaa kwa nguo isiyo na neno nyuma yake. Nyota ya Beni ilikuwa na neno nyuma yake, nalo ni kazi.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Katika Mombasa vyama vya lelemama vilishindana vikali katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na wanachama wake walivaa nguo za namna moja. Ndani ya vyama hivyo walikuwamo wanawake wa nasaba za kiungwana na wanawake ambao mama zao walikuwa wajakazi. Mama mmoja alikuwa amejifunika ukaya, na mama wa mwenziwe alikuwa amekwenda kichwa wazi. Binti zao walisimama katika safu moja wamevaa sawa. Hatusemi ya kuwa sare ilifuta tofauti zote za mji, maana haikuzifuta. Lakini twasema ya kuwa ilisimulia mji mwingine, ambao ulikuwa bado kupatikana.

Kutoka pwani tumeifuata Beni mpaka bara ya mbali, kwa kuwa huko kuna mfano ulioandikwa kwa uangalifu kuliko mingine. Katika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, Beni ilizaa ngoma ya malipenga, na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilifuatwa na ngoma iitwayo kalela. Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama kalela katika mji wa Luanshya mwaka 1951, akaandika kitabu juu yake mwaka 1956. Wachezaji aliowaona walikuwa Wabisa. Hawakuvaa nguo za askari tena, wala hawakuvaa ngozi au manyoya ya kale. Walivaa fulana safi, na suruali zilizopigwa pasi, na viatu vilivyong’arishwa. Kingi wao alivaa suti, na tai. Alikuwako “daktari” aliyevaa joho jeupe la chumba cha kupasulia, lenye msalaba mwekundu kifuani. Na alikuwako mwanamke mmoja tu kati yao, “sista” wa hospitali, amevaa nyeupe, akipita katika safu na kioo na kitambaa, ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho asipoteze unadhifu wake.

Msomaji autafakari mfano huo wa sista. Mavazi yake ni meupe tu, na vyombo vyake ni viwili, kioo na kitambaa. Haimbi habari zake, wala hapana anayemweleza. Lakini kila mtazamaji amekwisha kujua yeye ni nani, na kazi yake ni nini, na tena kwamba katika ngoma hii unadhifu ni jambo la kuhudumiwa kama mgonjwa anavyohudumiwa. Alama tatu zimebeba hadithi nzima.

Jambo jingine alilolieleza Mitchell latufaa zaidi. Nyimbo za kalela zilisifu kabila la waimbaji na nchi yao, zikawataania makabila mengine. Lakini hapakuwa na hata uzi mmoja katika mavazi yao uliotaja kabila. Wimbo ulisema tulikotoka. Vazi lilisema tunakotaka kuhesabiwa. Angalia jinsi kinywa na mwili vilivyogawana kazi. Mtu akisikia wimbo bila kuona nguo, atadhani ni ngoma ya kikabila. Akiona nguo bila kusikia wimbo, atadhani ni kuiga Wazungu. Wote wawili watakuwa wamesoma nusu ya barua.

Wataalamu wenyewe hawakukubaliana katika kuisoma. Mitchell aliona ya kuwa nguo zile zilionyesha ngazi mpya ya heshima, ambayo juu yake walikaa watu waishio maisha ya Kizungu, na waliokuwa chini waliipanda kwa mchezo maana kwa kazi hawakuweza. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya Beni, alisisitiza kwamba mizizi yake ni mashindano ya kale ya miji ya Waswahili, na kwamba wachezaji walichagua katika mambo ya kigeni yale yaliyowafaa. Sisi twaona kauli zote mbili zina haki, ila zinasema juu ya vitu viwili. Mitchell ameeleza maneno yaliyotumika. Ranger ameeleza sarufi iliyoyapanga. Koti lilitoka Ulaya, lakini kanuni ya kwamba koti hutangaza mtu ilikuwa ya pwani kabla ya koti kufika.

Baada ya vita ya 1914 hata 1918 wakuu wa serikali waliitazama Beni kwa shaka, wakafanya uchunguzi. Na wamisionari wengine waliishitaki kwa ulevi, na kwa fedha zilizopotea, na kwa kuwavuta vijana. Si haki kusema ya kuwa mashitaka yote yalikuwa ya uongo. Mashindano yaliwatia watu katika madeni, na hasira za vyama zilifika hata kupigana. Lakini waliokuwa wakitafuta maasi katika nguo zile walitafuta mahali pasipo. Jambo zito lilikuwa wazi juu ya mwili wa kila mchezaji: mtu ambaye desturi ilimwacha kichwa wazi na miguu mitupu amevaa kofia na viatu, amesimama katikati ya mji, na mji umekuja kumtazama.

Yako mafundisho hapa kwa mwalimu atungaye michezo ya shule na ya sikukuu. Mara nyingi tumeona michezo ambayo kila mchezaji amepambwa kwa kila kilichopatikana, hata mfalme na mlinzi wake hawatengani. Beni yatufunza kufanya kinyume: wavike wengi sawa, kisha umpe kila mtu mkubwa alama moja tu, iliyo wazi kwa watazamaji wa mahali pale. Tena yatufunza kwamba vazi likibadilika, habari imebadilika. Basi lisibadilishwe bure. Habari ya Yusufu yaweza kuchezwa karibu yote kwa nguo: kanzu aliyovuliwa na ndugu zake, vazi lililobaki mkononi mwa mke wa Potifa, nguo alizobadili kabla ya kusimama mbele ya Farao, na kitani safi alichovikwa baadaye.

Na katika mfano wa mwana mpotevu, wengi humvika mwana yule vazi zuri na pete, wakavisahau viatu, kana kwamba ni kitu cha kuongezea tu. Mwana yule alirudi ameazimu kuomba ahesabiwe kama mmoja wa watumishi. Baba hakumjibu ombi lile kwa maneno, aliagiza nguo. Mzee wa pwani ambaye katika ujana wake alikwenda miguu mitupu mbele ya bwana wake angaliufahamu mchezo huo bila mhubiri, mara viatu vilipoletwa. Basi mwalimu na amwache mwana yule aingie miguu mitupu, akae hivyo muda wote wa maungamo yake, na viatu viwe vya mwisho kuletwa. Pasiwe na maneno wakati huo. Watazamaji watakuwa wanasoma.